Saba Kati ya Arobaini

Wauguzi wa wodi ya mifupa walimpachika jina la Kiguu na Njia. Alilijua na hakulikasirikia. Alikuwa daktari bingwa wa mifupa, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na tisa, na alizunguka wodi kwa kasi ambayo iliwafanya wanafunzi wamfuate nusu wakikimbia, kalamu mkononi. Hata nyumbani hakukaa kitako. Chai aliinywa amesimama mlangoni mwa jikoni, kikombe mkono mmoja, simu mkono mwingine, na mumewe, mwalimu wa jiografia, mtu mpole, alishazoea kuongea na mtu anayepita.

"Mama Pacha, kaa basi hata dakika mbili."

"Si nimekaa?" angejibu, huku anatafuta viatu.

Mwaka ule alichaguliwa mwenyekiti wa chama cha wapasuaji wa mifupa wa kanda nzima: nchi saba, wanachama tisini na watatu. Kiti alikichukua kwa mwalimu wake mwenyewe, mzee waliyemwita Nyundo, aliyekuwa amekikalia miaka kumi na miwili. Nyundo ndiye aliyemfundisha kugonga chuma ndani ya mfupa wa paja bila kuupasua. Alisimama nyuma yake siku nzima akisema "polepole, binti, mfupa unasikia." Lakini chini yake chama kilikuwa kimesinzia. Mkutano mmoja kwa mwaka, hotuba ndefu, picha ya pamoja kwenye ngazi za hoteli, kila mtu akarudi kwao.

Yeye aliomba kura kwa jambo moja tu.

"Kila mwaka tunasimama hapa tunatajiana tumepasua watu wangapi," aliwaambia. "Hakuna anayesema wamepona wangapi. Mtu uliyemtia chuma pajani mwaka jana, leo yuko wapi? Anatembea? Mguu unatoa usaha? Hatujui, ndugu zangu. Mimi nataka chama kinachojua."

Kila mwanachama angetafuta wagonjwa wake arobaini wa mwisho waliovunjika paja, angewapigia simu mmoja mmoja, angejaza fomu ya ukurasa mmoja, na majibu yangesomwa mbele ya wote kwenye mkutano unaofuata, hospitali kwa hospitali. Makofi yakapigwa hadi mafundi mitambo wakachungulia kuona kuna nini. Alishinda kwa tofauti ya kura tisa.

Kisha kila mtu akarudi kwao, na kimya kikaanza.

Alisubiri mwezi mmoja, fomu mbili. Mwezi wa pili, hakuna kitu. Akaanza kupiga simu. Wengine walimpiga danadana: masjala inahamishwa, karani ana likizo, "wiki ijayo bila kukosa, Mwenyekiti." Wengine walivaa miwani ya mbao na kumwambia kwa sauti tamu kwamba wao wagonjwa wao hawana matatizo, sasa wajaze nini? Akaona simu hazitoshi, akaanza kuwafuata. Alikwenda nchi ya kwanza, ya pili, ya nne. Alikaa kwenye ofisi zao, akafungua mafaili pamoja nao, akala nao mchana, akabembeleza. Kila aliporudi alikuta begi la safari inayofuata limeshapangwa, maana alilipanga mwenyewe kabla ya kuondoka.

Mumewe alimwambia mara moja tu. Ilikuwa Jumapili asubuhi, anafunga zipu ya begi juu ya meza ya kulia, pacha wao wa kike wanasukuma sahani pembeni kumpisha.

"Hivi wodi yako sasa hivi anaiangalia nani?"

"Naibu wangu yupo. Kwani vipi?"

"Nauliza tu. Watoto wakikuulizia wananiuliza mimi, wagonjwa wanamuuliza nani?"

Alinyanyua begi. Teksi ilikuwa inapiga honi.

Ilipobaki wiki sita kabla ya mkutano mkuu, alikuwa na fomu kumi na moja. Katibu wa chama, daktari mwenzake wa hospitali ile ile, mtu wa suti iliyopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi pia, alizipanga mezani kwa unadhifu.

"Mbili kati ya arobaini," alisoma. "Moja kati ya thelathini na nane. Tatu. Moja. Si mbaya hata kidogo. Ya kwetu iko wapi?"

Hapo ndipo alipogundua kwamba ya kwao haipo. Aliiacha kwa sababu aliichukulia kuwa rahisi. Wagonjwa wake, mafaili yake, masjala iko chini ya ngazi. Jambo la mchana mmoja.

Jumamosi iliyofuata alijifungia ofisini na mafaili arobaini na simu. Wa kwanza kumi walikwenda vizuri. Bibi mmoja alimbariki mpaka akaona haya. Mtu mmoja alikuwa juu ya paa anaezeka bati na ikabidi ashuke ndipo waongee. Wa kumi na tatu alisema mguu unatoka maji.

"Maji ya namna gani?"

"Maji tu, daktari. Yananuka kidogo."

Wa kumi na tisa, usaha. Wa ishirini na nne, usaha na homa. Alikuwa ameanza kuongea amekaa. Sasa alikuwa anazunguka meza, waya wa simu unamfuata na kuangusha kalamu. Wa thelathini alikuwa dereva wa lori. Mke wake alipokea.

"Mguu gani unauliza, daktari? Ule walishaukata. Hospitali nyingine, mwezi wa pili sasa."

Alishika ukingo wa meza. Alisema pole, na neno lilitoka dogo mno. Mwanamke yule alimwambia asante, akakata simu.

Alipomaliza walikuwa saba. Saba kati ya arobaini. Hakuna fomu hata moja kati ya zile kumi na moja iliyofika nusu ya hapo. Akazipanga tarehe zao kwenye karatasi, na alipozipanga aliona jambo lililomfanya azihesabu upya: sita kati ya saba walipasuliwa katika miezi mitano ya mwisho. Kabla ya hapo, mmoja tu.

Jumatatu hakwenda wodini moja kwa moja. Mmoja wa wale saba, fundi cherehani, aliishi karibu na hospitali, nyuma ya soko, naye akaenda kwa miguu. Alimkuta kibarazani mwa duka lake, mtu wa miaka thelathini na kitu, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya kiti, kitambaa kimefungwa pajani. Cherehani alikuwa anaiendesha kwa mguu wa kushoto, na mshono ulikuwa unakwenda upande.

"Daktari mwenyewe!" alisema fundi, akajaribu kusimama.

"Usisimame. Nionyeshe."

Alifungua kitambaa. Hakuhitaji eksirei kuelewa. Tundu dogo, jekundu, lililojaa, na harufu aliyoijua tangu chuoni.

"Kwa nini hukurudi kwangu?" aliuliza, na sauti ilikuwa kali kuliko alivyotaka.

Fundi alimtazama mkewe. Mke ndiye aliyejibu, mkono kiunoni.

"Tumerudi mara mbili. Mara ya kwanza tukaambiwa daktari amesafiri, yuko kwenye mambo ya chama. Mara ya pili tukaambiwa amesafiri. Wakatupa vidonge. Sasa tungerudi mara ngapi, dada yangu?"

Alimwambia fundi aje siku hiyo hiyo, alazwe, na kwamba yeye mwenyewe atamfungulia mlango. Mke akasema, "Tutaona," akaingia ndani.

Alirudi hospitalini karibu akikimbia, akaingia chumba cha upasuaji kwa mlango wa nyuma, kumtafuta sista mkuu. Sista alikuwa mwanamke mnene, mkimya, aliyehudumu pale miaka ishirini na sita. Alikuwa anakunja vitambaa.

"Sista, kuna nini humu ndani tangu miezi mitano iliyopita?"

Sista aliweka kitambaa chini. Hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyesubiri swali mpaka akachoka kulisubiri.

"Mashine ya mvuke," alisema. "Ya kutakasia vifaa. Mpira wa mlango umechoka, mvuke unavuja. Mzigo unatoka wa moto, utepe wa nje umebadilika rangi vizuri, ukiutazama unasema safi. Lakini kile kikaratasi cha kipimo ninachoweka katikati ya mzigo kinatoka na mabaka. Katikati hapajaiva."

"Na hukuniambia?"

"Nimekuandikia."

"Lini?"

"Mara tatu."

Walikwenda pamoja ofisini kwake. Kwenye trei ya barua kulikuwa na rundo: ratiba za mkutano, vijitabu vya hoteli, barua za nchi saba. Sista hakugusa kitu. Alisimama mlangoni mikono imefumbatwa. Daktari alichimba mpaka akazikuta, karatasi tatu zilizokunjwa mara mbili, mwandiko wa kishule, tarehe juu. Ya kwanza ilisema mpira uko stoo lakini stoo haitoi bila sahihi ya mkuu wa idara. Ya pili ilisema hivyo hivyo. Ya tatu ilisema: *Naomba tafadhali. Naibu anasema anakusubiri.*

"Nimekuwa nikirudia kila mzigo mara mbili," alisema Sista kutoka mlangoni. "Siku nyingine mara tatu. Ningeweza kukataa kutoa vifaa. Nililifikiria hilo. Sikuthubutu. Na mimi nalala nalo."

Daktari alisaini pale pale, amesimama. Kabla ya saa sita mchana alikuwa amesimamisha upasuaji wote wa mifupa isipokuwa wa kuokoa maisha, na vifaa vya hao vikawa vinapelekwa kutakaswa hospitali ya jirani. Jioni ile fundi wa mitambo alibadilisha mpira. Kazi ya dakika arobaini. Walipojaribu, kikaratasi cha katikati kilitoka cheusi chote, na Sista akakishika kwenye mwanga muda mrefu.

Habari hazikukawia. Kesho yake Katibu alikuja ofisini, akafunga mlango taratibu.

"Mwenyekiti, nimefikiri. Fomu yetu tuiache mwaka huu. Tuseme masjala inahamishwa."

"Hiyo niliambiwa na watu kumi. Nikawasema vibaya."

"Ndiyo, lakini wao si wenyeviti. Ukisoma saba, hakuna atakayesikia kitu kingine. Watasema anatufundisha usafi na nyumbani kwake kunanuka. Mpango wote utakufa. Una maana gani ukweli wako kama unaua jambo lenyewe?"

Alizunguka meza mara mbili. Ubaya ni kwamba Katibu hakuwa mjinga. Kwa siku kadhaa alikwenda na lile swali kila mahali: wodini, kwenye foleni ya benki, bafuni. Usingizi ulimpaa. Alifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Alimpasua tena fundi cherehani, akatoa chuma, akasafisha mfupa, akafunga vyuma vya nje, na wakati wote huo mikono yake ilitulia, kama kawaida yake. Ilianza kuhangaika tena mara tu alipovua glavu.

Mumewe alimkuta asubuhi moja amesimama katikati ya sebule, hajui alifuata nini.

"Unaogopa nini hasa?" alimuuliza. "Wakikucheka?"

"Wakinisamehe haraka," alisema. "Wale ni wenzangu. Watasema pole, mashine hizi, tunazijua. Na yule dereva hana mguu."

Mumewe alifikiri. "Basi usiwaombe msamaha wao. Wa kusamehe si wao."

Mkutano ulianza saa tatu asubuhi, ukumbi wenye mapazia mazito na viti vinavyolia ukijigeuza. Wanachama themanini na mmoja walikuja. Alipanda jukwaani na karatasi moja. Hotuba ya ufunguzi, ambayo Katibu alikuwa ameichapa kurasa sita, aliiacha kwenye kiti.

"Naanza na hospitali yangu," alisema. "Arobaini waliopasuliwa. Saba wametunga usaha. Mmoja kati ya saba amekatwa mguu." Akaeleza mpira wa mlango, kikaratasi chenye mabaka, na barua tatu. "Barua hizo zilikuwa kwenye trei yangu, chini ya ratiba za mkutano huu. Wakati zinaandikwa mimi nilikuwa ofisini kwenu, nawabembeleza mjaze fomu. Nimewatembelea wote saba nyumbani kwao. Wawili hawakunifungulia. Sikuja hapa kutafuta pole. Nawaambia ili mjue kwamba bila fomu hii ningekuwa bado naendelea kupasua kwa vifaa vile vile. Naomba kura: fomu iwe lazima kwa kila mwanachama."

Viti vikalia huku na huku.

Nyundo alinyanyuka. Alikuwa amezeeka zaidi kwa mwaka mmoja kuliko miaka kumi na miwili yote, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Huyu ni mwanafunzi wangu, na aliyoyafanya leo mimi nisingeyaweza," alisema. "Lakini nitapinga. Ukiweka idadi hizi wazi, daktari gani atapokea mgonjwa aliyeletwa siku ya nne, mguu umeshaoza? Atasema mpelekeni kwa fulani, ataniharibia hesabu yangu. Nimepokea wagonjwa hao maisha yangu yote. Msiwafungie mlango."

"Mwalimu, fomu ina sehemu ya kuandika mgonjwa alifika siku ya ngapi," alijibu.

"Gazeti halisomi sehemu hiyo, binti."

Watu walicheka, kisha wakaona si mahali pa kucheka. Walibishana mpaka saa sita. Kura zilipohesabiwa, thelathini na tisa walikubali, arobaini na wawili walikataa.

Alishuka jukwaani. Katibu hakusema "nilikuambia"; alimletea maji, na hilo liliuma zaidi. Kwenye kibaraza cha chai watu walimpisha kwa upole, kama mfiwa. Kisha daktari mmoja wa hospitali ndogo ya mpakani, ambaye katika miaka yote hakuwahi kusikika akiongea, alimfuata na karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa shati.

"Nilikuwa nayo tangu mwezi wa tatu," alisema, macho chini. "Mimi ni tisa."

"Tisa kati ya arobaini?"

"Kati ya thelathini. Niko peke yangu kule. Nilidhani ni mimi tu duniani."

Akaichukua kwa mikono miwili. Nyuma yake alikuwa amesimama mwingine, anajifanya anatafuta sukari. Mpaka alasiri alikuwa na fomu kumi na tisa mpya, nyingine zimejazwa kwa kalamu ya hoteli. Hakuna aliyelazimishwa. Kabla ya kufunga, alipeleka hoja ya pili, iliyoandikwa nyuma ya ratiba: sista mkuu mmoja wa chumba cha upasuaji kutoka kila nchi aingie kwenye kamati ya chama, na barua zao zisomwe kabla ya jambo jingine lolote. Mzee mmoja aliuliza tangu lini wauguzi wanakaa kikao cha madaktari bingwa. "Tangu walipoona kabla yetu," alijibu. Hiyo ilipita kwa tofauti ya kura tano.

Aliporudi kazini alimwachia mwingine ukuu wa idara. Si kwa kufukuzwa. Alikwenda mwenyewe kwa mganga mkuu akasema viti viwili vimemshinda, na akiacha cha chama wale walioleta fomu watadhani wametupwa mkono. Safari alizikata. Kamati sasa inakutana kwa simu kila Alhamisi saa nane mchana, na Sista, ambaye mwanzoni alikuwa anaongea kwa kunong'ona kana kwamba yuko ndani ya chumba cha upasuaji, ndiye anayefungua.

Fundi cherehani alipona, mguu umefupika sentimita mbili. Amerudi kuendesha cherehani kwa mguu wa kulia. Siku ya kutolewa vyuma aliomba kwa adabu aangaliwe na daktari mwingine, na mkewe akaongeza, bila adabu sana, kwamba wasihojiwe sababu. Hawakuhojiwa. Mwenyekiti alisimama nyuma ya pazia akasikiliza hatua zake zikitoka kwenye korido, moja nzito, moja nyepesi, akarudi kwa mgonjwa aliyekuwa anamsubiri.

Miezi minne baada ya mkutano, Nyundo alimpigia simu. Ilikuwa asubuhi, yuko kwenye ngazi za hospitali. Hawakuwa wameongea tangu siku ile.

"Binti, nina swali. Wale saba wako. Ulipowapigia, neno la kwanza ulisema nini?"

"Nilisema jina langu, Mwalimu. Halafu nikanyamaza."

Alisikia karatasi zikifunguliwa upande wa pili.

"Mimi nimewapigia kumi na wawili," alisema mzee. "Mmoja amenitukana mpaka basi. Nikamwambia asante. Sikujua niseme nini kingine."

"Wamebaki ishirini na nane."

"Najua kuhesabu," alisema Nyundo. "Usinikalie kichwani." Lakini hakukata simu. Alianza kumsimulia kuhusu wa kumi na mbili, mwanamke aliyemtia chuma miaka mitatu iliyopita, na yeye akaketi pale pale kwenye ngazi, watu wanampita kushoto na kulia, akamsikiliza mpaka mwisho.